Antena Haizalishi Mtandao

Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996, karibu na Makere wilayani Kasulu, kuwapokea Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu Kusini. Mwaka 2015, Warundi walipoanza kuingia kwa maelfu, kambi iliyokusudiwa watu 50,000 ilipita 150,000, na kwa miaka mingi idadi imekuwa juu ya laki moja. Geita nako kuna Nyarugusu. Ile ina dhahabu, hii ina watu. Kwa hesabu za kampuni ya simu, mji wa ukubwa huo ni soko zuri. Kwa hesabu za mnara wa simu, ni adhabu.

Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkazi wa kambi apate kibali ndipo atoke katika eneo alilopangiwa. Shauri la kwenda mjini kutafuta mtandao, ambalo mwanakijiji wa Kibondo au Buhigwe anaweza kulifuata kwa bodaboda, hapa halina maana. Mtandao unaotakiwa ni wa nyumbani: wa kumwona ndugu aliyebaki Fizi au Uvira, wa kuzungumza na aliyehamishiwa Marekani, wa mtoto kupakua maswali ya mtihani. Ndipo linapokuja wazo la antena ya nje.

Tendo lenyewe analijua kila aliyewahi kuangalia televisheni ya chenga. Mmoja yuko nje ameshika mlingoti wa mkaratusi wenye antena kileleni, mwingine yuko ndani na simu mkononi, wa tatu amesimama mlangoni kupeleka maneno. “Zungusha!” “Hapo?” “Umeipita, rudi kidogo!” “Hapo?” “Hapo hapo, funga!” Mlingoti unafungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, watu wanapongezana, na jioni kasi inakuwa ileile ya jana. Hapo hulaumiwa antena, kisha fundi, kisha kampuni ya simu. Lakini kabla ya kulaumu yeyote ilipasa kujua ugonjwa ulikuwa upi, kwa sababu mtandao mbovu una magonjwa mawili yanayofanana kwa dalili: umbali na msongamano. Antena ni dawa ya ule wa kwanza.

Antena haizalishi chochote. Haina betri, haina injini, na maneno makubwa yaliyoandikwa kwenye boksi lake hayaiongezei hata wati moja. Kazi yake ni ile ya kioo cha tochi: balbu ni ileile, lakini mwanga uliokuwa ukitawanyika pande zote unakusanywa kwenda upande mmoja. Kipimo cha ukusanyaji huo ni desibeli, hesabu inayokwenda kwa kuzidisha: desibeli 3 ni mara mbili, desibeli 10 ni mara kumi. Antena ya desibeli 9 hufanya mawimbi ya upande inaoelekea yawe na nguvu karibu mara nane, na nguvu hiyo imetolewa pande nyingine. Ndiyo maana lazima ielekezwe. Aina iliyozoeleka, yenye fimbo fupifupi zilizopangwa kama mbavu za samaki, ilibuniwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi wa Chuo Kikuu cha Tohoku. Uda ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na dunia ikaiita Yagi.

Watu huifikiria antena kama sikio. Ni mdomo pia, na kwa matatizo mengi ya huku mdomo ndio wenye shida. Redio Kwizera, kutoka Ngara, imekuwa ikiwafikia wakimbizi wa ukanda huu tangu 1995 bila kumwomba msikilizaji ajibu. Redio ndogo ya mawe mawili inatosha. Simu haina raha hiyo. Mnara unaweza kurusha wati 40 au zaidi, lakini simu hujibu kwa takriban wati 0.2, na kila ukurasa unaofunguliwa ni mazungumzo ya pande mbili: simu isiposikika mnarani, mnara hauna cha kupeleka. Ndipo unapoona vile vijiti vya mtandao vikiwa viwili au vitatu juu ya kioo na hakuna kinachofunguka. Vijiti vinaeleza jinsi simu inavyousikia mnara. Jinsi mnara unavyoisikia simu hakuna kijiti kinachoonyesha. Anayepiga simu ya video huteseka zaidi, kwa kuwa hapokei picha tu, anaituma pia.

Kabla hata ya kufikia antena, kuna suala la mahali. Kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, ardhi hupanda hadi kupita mita 1,200 Kasulu, na nchi yote ni ya vilima, mabonde na miombo. Mtu aliye juu ya mgongo wa kilima upande wa Heru Juu anaweza kushika mnara wa mbali asioushika jirani yake aliye bondeni, mita mia tatu chini yake. Wala haitoshi kuuona mnara kwa macho. Mawimbi husafiri ndani ya kitu kama mviringo mnene, mwembamba kwenye ncha na mpana katikati; kwa masafa ya megahezi 1,800 na umbali wa kilomita 10, unene wake katikati hufika mita 20 kila upande wa mstari wa macho. Miti ikijaa humo, nguvu hupungua, na majani yaliyolowa hupunguza zaidi ya makavu. Mtu wa bondeni atasema mtandao wa masika ni mbaya kuliko wa kiangazi, na fundi atamwona mshirikina. Lakini huyo wa bondeni yuko sahihi.

Nyumba nayo ina neno lake. Ukuta wa tofali za udongo hula sehemu ya mawimbi, na ukilowa hula zaidi. Paa la nyasi au turubai huyapitisha. Bati huyarudisha yalikotoka. Anayehama kutoka paa la nyasi kwenda la bati amepanda daraja kwa kila kipimo isipokuwa hiki.

Basi nusu ya faida ya antena ya nje si antena, ni nje. Kutoa kifaa ndani ya kuta na kukiinua mita nne au tano huweza kuleta zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye boksi. Lakini simu za leo hazina tundu la antena. Aliye na simu pekee atahitaji kwanza modemu au ruta yenye tundu hilo, na kuzungushia waya wa shaba mgongoni mwa simu humfariji mwenye simu.

Faida nyingi hupotelea kwenye kebo. Ile nyembamba nyeusi inayouzwa pamoja na antena za bei ya chini, ambayo mafundi huijua kwa jina la RG58, hula karibu desibeli 0.7 kwa kila mita katika masafa ya megahezi 1,800. Mita kumi ni desibeli 7: katika kila sehemu tano za nguvu iliyokusanywa juu ya paa, moja ndiyo inayofika chini. Antena ya desibeli 9 ukiitoa 7 inabaki 2, ambayo ni sawa na kile kijiti cha plastiki kilichokuja na ruta. Mtu amenunua antena, amenunua kebo, amepanda juu ya paa, na amerudi alipoanzia akiwa na vumbi. Kebo nene ya LMR-400 ingekula desibeli 2 tu kwa urefu huohuo, ila bei yake ni ya watu wenye minara. Na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitangazi: kebo ya kawaida ya dishi la televisheni, RG6, hula karibu desibeli 3 kwa mita hizo kumi. Haikutengenezwa kwa kazi hii, na kutolingana kwake kiumeme na ruta kuna hasara yake ndogo, lakini ni bora kuliko ile iliyotengenezwa.

Suluhisho safi zaidi ni kuikwepa kebo yenyewe. Kilichokwisha kugeuzwa kuwa data hakipotei njiani kama mawimbi: waya wa kawaida wa mtandao huibeba hadi mita 100 bila upungufu. Kwa hiyo badala ya kushusha mawimbi, pandisha ruta. Zipo ruta zilizotengenezwa kukaa nje, antena ikiwa ndani yake na umeme ukipanda kwa waya uleule unaoshusha data. Asiyeweza kuinunua hutia modemu ndogo ndani ya dumu la plastiki, akalitundika juu ya mlingoti, na modemu ikarusha mtandao chini kwa waifai. Mpango huo wa kimaskini una fizikia nzuri kuliko antena nyingi za dukani. Una masharti matatu. Dumu liwe la plastiki, kwa kuwa kopo la bati ni ukuta. Liwe na matundu chini na kivuli juu, maana jua la saa nane huivimbisha betri ya modemu. Na umeme usipandishwe ukiwa volti 5, kwa sababu mita kumi za waya mwembamba humeza zaidi ya volti moja na modemu huanza kujizima na kujiwasha. Upandishwe volti 12 moja kwa moja kutoka betri ya sola, ushushwe hadi 5 hukohuko juu kwa kifaa cha chaja ya gari.

Ipo hitilafu nyingine iliyoenea, na ni ya hesabu rahisi. Mtandao wa 4G hutuma data kwa mikondo miwili kwa wakati mmoja, kila mkondo ukiwa na mlalo wake wa mawimbi, ndiyo maana ruta ina matundu mawili. Anayechomeka antena moja kwenye tundu moja amelisikilizisha sikio moja kwa makini na kuliziba la pili. Huenda namba ya nguvu ikapanda na kasi ikashuka, jambo linalowachanganya wengi. Zinatakiwa antena mbili, au moja yenye kebo mbili, zikiwa zimelazwa kwa nyuzi 45 kila moja upande wake kama herufi X, kwa sababu ndivyo zilivyolazwa kule mnarani.

Zile antena za zamani za televisheni zinazopata kutu juu ya mapaa zina hadithi yake. Zilitengenezwa kwa masafa ya megahezi 470 hadi 862. Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia usiku wa 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na sehemu ya juu ya masafa hayo ikaachwa wazi kwa ajili ya simu. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikanadi masafa ya megahezi 700, yanayopenya miti na kuta vizuri kuliko yale ya 1,800 au 2,600 na hivyo yanafaa sana vijijini. Antena iliyostaafishwa na king'amuzi imejikuta imekaa katikati ya barabara mpya. Inaweza kweli kushika 4G ya 700 au 800 ikiunganishwa na modemu, ikiwa mnara wa karibu unatumia masafa hayo. Isipokuwa hivyo, ni kamba ya kuanikia nguo.

Yote hayo yahusu umbali. Ndani ya kambi, ambako mnara hauko mbali, ugonjwa mara nyingi ni ule mwingine. Chaneli ya 4G ya megahezi 10 hutoa, kwenye makaratasi, megabiti 75 kwa sekunde kwa upande mmoja wa mnara. Uwanjani, ukichanganya walio karibu na walio mbali, wastani ni kama 15 hadi 20. Mnara wa kawaida una pande tatu, kwa hiyo tuseme 60 kwa ukarimu. Watu 500 wakifungua video kwa pamoja, kila mmoja ana 0.12, na video ya ubora wa chini kabisa wa kuvumilika hutaka mara kadhaa ya hapo. Saa tatu usiku Nyarugusu ni mchana Chicago. Kila mwenye ndugu kule amepumzika, amekula, na amewasha simu. Antena ya aina gani inaweza kuyaongeza megabiti 60? Hakuna. Kuna pia bomba la nyuma ya mnara, yale madishi ya duara yaliyofunikwa kama ngoma yanayoupeleka mzigo hadi kwenye mkongo wa mawasiliano. Likiwa jembamba, hata mtu aliyelala chini ya mnara atalalamika.

Kupambanua magonjwa haya hakuhitaji fundi. Pima kasi saa kumi alfajiri, pima tena saa tatu usiku, mahali palepale, kwa laini ileile. Ikiwa alfajiri mtandao unakimbia na usiku unatambaa, tatizo ni watu. Ikiwa unatambaa saa zote mbili, angalia namba ya nguvu ya mawimbi. Simu nyingi huionyesha kwenye mipangilio, sehemu ya hali ya laini; ruta huionyesha kwenye ukurasa wake, ikiandikwa RSRP. Ni namba hasi, na iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo bora: -85 ni nzuri, -100 ni ya kuvumilia, -115 ni ya kutafutia antena. Chini yake huandikwa SINR, yaani usafi wa mawimbi yakilinganishwa na kelele. Ikizidi 20 ni safi sana, ikishuka chini ya sifuri ni sokoni siku ya mnada. Namba hii ndiyo ya kutazama wakati wa kuzungusha mlingoti, na hubadilika taratibu. Zungusha nyuzi kumi, ngoja nusu dakika, andika, endelea. Yule anayepiga kelele za “hapo hapo” kwa kawaida anaisifia namba ya sehemu iliyokwisha kupita.

Msongamano nao una mlango mmoja wa nyuma. Simu huchagua mnara unaosikika kwa nguvu zaidi, na hiyo huwafanya watu wote wa kambi waangukie minara ileile. Antena yenye mwelekeo inaweza kuupuuza mnara wa jirani na kuushika ulio kilomita kumi au kumi na tano ng'ambo, dhaifu zaidi lakini wenye watu wachache. Kwenye ruta nyingi inawezekana pia kufunga bendi moja, ili kuhamia masafa ambayo simu za bei rahisi haziyajui. Namba ya nguvu itashuka na kasi itapanda. Kwa mara nyingine vijiti vitakuwa vimedanganya. Tahadhari ni kwa wanaoelekeza magharibi, hasa vijiji vya Kibondo vilivyo mpakani: mnara mtulivu uliopatikana huenda uko Burundi. Antena haina pasipoti, lakini bando lina uraia.

Je, mwenye antena anawanyang'anya wenzake? Hapana, na sababu yake yafaa kujulikana. Mnara hugawa muda, haupimi data kwa kibaba. Anayeshika vizuri hupewa data nyingi kwa kila sehemu ya sekunde. Anayeshika vibaya hupewa kidogokidogo, kwa kurudiarudia, hivyo wimbo mmoja unaopakuliwa ukingoni mwa eneo huweza kula muda wa nyimbo kadhaa za aliye karibu. Mtu wa ukingoni akipata antena nzuri, anaachia muda kwa wengine wote.

Kifaa kisichostahili sifa hiyo ni kikuza mawimbi, kile kinachochomekwa kwenye umeme ili kiyapaze mawimbi na kuyarusha upya. Hukuza kila kinachokifikia, kelele ikiwemo, na kelele hiyo huurudia mnara na kuwaziba wengine. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inataka vifaa vya aina hiyo viidhinishwe na TCRA. Vinavyouzwa kwa kunong'onezana kwa kawaida havijaidhinishwa.

Dawa ya kudumu ya umbali na ya msongamano ni minara zaidi. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya 2006, huyapa makampuni ruzuku yajenge pale ambapo biashara peke yake isingeyafikisha. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini. Shule kadhaa za Nyarugusu zina mtandao wao kupitia mpango wa Vodafone Foundation na UNHCR ulioanza 2013, wenye darasa la tableti, umeme wa sola na masomo yaliyohifadhiwa hapohapo ili mtandao ukikatika kipindi kiendelee. Ni muundo wenye hekima, kwa sababu umeanza kwa kukubali kwamba mtandao utakatika. Lakini ramani ya huduma hupaka rangi kata nzima, na mawimbi hayasomi mipaka ya kata. Bondeni mtu atabaki na mlingoti wake.

Mlingoti huo, msimu wa mvua, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Mei, ndicho kitu kirefu kuliko vyote uani, na nyanda hizi ziko jirani na mashariki ya Kongo, moja ya sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani. Ukiwa wa chuma, uunganishwe kwa waya mnene na chuma kilichozamishwa ardhini, kwenye udongo wenye unyevu, mbali na mlango. Ukiwa wa mti, kebo yenyewe ndiyo njia ya radi, na waya wa ardhini bado unahitajika. Hata hivyo hakuna waya unaohimili radi ya moja kwa moja. Mawingu yakianza kujazana upande wa Burundi, kebo huchomolewa kwenye ruta na kutupwa nje ya dirisha, na mazungumzo na ndugu wa Marekani huahirishwa hadi mvua ipite.